Maziwa Niliyoyaita ya Nguruwe

Shamba la Bwana Miwani,
Sanduku la Posta 27,
Molo.

25 Agosti, 1957

Mpendwa dada Nabalayo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii ya Molo, ambako leo asubuhi umande uliganda juu ya nyasi na wifi yako Truphosa alivunja barafu ya ndoo kwa mwiko. Je, joto la huko hospitalini Mombasa bado linakuonea? Kikohozi kimepungua? Uliandika kwamba sindano zimekwisha, umebaki na vile vidonge vipya, na kwamba umeongezeka ratili nne. Tulifurahi mno. Wifi yako aliimba jikoni siku nzima, nawe unaijua sauti yake, hata kuku walitoka nje. Endelea kumeza dawa kama unavyoagizwa, hata siku unazojiona umepona.

Sisi huku tu wazima. Mwanao Nafula naye yu mzima. Nimelitanguliza hilo ili moyo wako utulie, maana yanayofuata hayasomeki vizuri. Tafadhali keti kitandani ndipo uendelee.

Dada, nilikudanganya. Barua yangu ya Julai, ile niliyosema Nafula anakimbizana na vifaranga uani, niliiandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, hospitali ya Nakuru. Yeye alikuwa amelazwa ndani, mikono imefungwa vitambaa kwa sababu ngozi ilikuwa inabambuka. Hakukuwa na vifaranga. Naona aibu kukuandikia haya, lakini mwezi mzima nimeona aibu zaidi kunyamaza.

Unajua kazi yangu hapa ni kwenye mashine ya kutenga krimu. Maziwa ya asubuhi yanamiminwa juu, nazungusha mpini, krimu inatokea bomba hili na maziwa mepesi bomba lile. Krimu inapelekwa stesheni. Yale mepesi, ambayo kwa kweli yana rangi ya buluu kidogo ukiyatazama, yanapelekwa kwa nguruwe wa mzungu wetu, Bwana Miwani. Lakini kabla ya nguruwe, mtu yeyote wa kambi ya wafanyakazi anaruhusiwa kuja na kopo lake akajazwa bure. Desturi hiyo niliikuta.

Ulipomleta Nafula Oktoba iliyopita, ukiwa unakohoa damu na umemtoa ziwani siku ile ile, Truphosa alitaka kwenda na kopo. Nilimkatalia. Mimi niliyemaliza darasa la sita misheni, mke wangu asimame mstari mmoja na nguruwe? Nilisema mtoto wa dada yangu atakunywa maziwa kamili au asinywe kabisa. Maziwa kamili hatukuwa nayo. Basi hakunywa. Alikula ugali wa posho, viazi, uji mweupe, na chai ya rangi yenye sukari nyingi, kwa sababu mjomba wake alitaka aonekane anapendwa.

Na kama ningeishia nyumbani kwangu ingekuwa nafuu. Disemba, siku moja akina mama wamejipanga na makopo, mimi nikazungusha mashine huku nikikoroma kama nguruwe na kupaza sauti, "Haya, wale wa miguu miwili wamefika!" Watu walicheka sana. Unanijua kwa mizaha, tangu utoto ulikuwa ukinionya kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baada ya wiki moja, mstari wa watu ishirini ulikuwa umebaki na watatu. Hata mke wa Ogola, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye alikuwa akifika kabla ya jua, aliacha kuja. Nami nilijiona nimewafundisha watu heshima.

Mwezi wa nne nikakuandikia ile barua ya kujigamba. Nilisema Nafula amenenepa hadi mashavu yanafunga macho, na kwamba miguu yake imejaa kama ya mtoto wa chifu. Sikukudanganya siku hiyo, dada. Ndivyo nilivyoona. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu na laini, nasi kambi nzima tukamwita Memsahib mdogo, kana kwamba ni mtoto wa wazungu. Nilimbeba begani Jumapili nikienda kanisani ili waumini wamwone.

Truphosa peke yake ndiye hakumfurahia. Aliniambia maneno ambayo sasa nayasikia kila nikilala: "Baba Simiyu, mtoto mnene anacheka. Huyu hacheki." Nilimjibu kwamba wanawake hawakosi la kulalamikia.

Mwishoni mwa Juni Nafula aliacha kutembea. Akawa anageukia ukutani, hataki uji, hataki kushikwa. Mimi nikasema ni minyoo, tungoje mshahara ninunue dawa dukani. Nilipotoka kazini siku iliyofuata nilikuta mlango umefungwa. Truphosa hakuniomba ruhusa tena. Alimfunga mtoto mgongoni, Ogola akampa blanketi lake na kumsindikiza hadi barabarani, wakasimamisha lori la viazi lililokuwa likishuka Nakuru. Nami nilimfuata kesho yake, nimevaa tai.

Wodini kuna msaidizi wa daktari, Mjaluo mmoja kijana anaitwa Obura. Alishika mguu wa Nafula, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Shimo lilibaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akanitazama. "Mzee, hii si mafuta. Hii ni maji. Mtoto wako amekonda ndani, maji imejaa juu." Dada, nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimembeba maji begani na kuyaonyesha kanisa zima.

Ugonjwa wenyewe una jina gumu, kwashioko, neno la watu wa pwani ya Gold Coast, hiyo nchi iliyopata uhuru mwaka huu ikaitwa Ghana. Obura alisema kwa watu hao maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Anaachishwa, anajazwa chakula cha kushibisha tumbo tu, mwili unakosa cha kujijengea. Zamani hata madaktari walibishana. Wako waliodhani ni minyoo kama mimi, na watoto wengi walizikwa wakati wa mabishano hayo. Ni miaka hii michache tu ndipo madaktari wa Kampala na kwingineko, kwa kupima damu na kupima chakula kijiko kwa kijiko, wamejua namna ya kuwarudisha.

Nikauliza dawa ni sindano gani. Nilikuwa tayari kuuza baiskeli. Obura akaleta kopo kubwa la bati, akalifungua, ndani mna unga mweupe. Akasema ni maziwa, yamekaushwa. Nikamuuliza mbona hayana harufu ya samli.

"Krimu imetolewa," akasema. "Hawa watoto tumbo yao haiwezi krimu saa hii. Kile kinajenga mwili hakiendi na krimu, kinabaki kwa haya mepesi."

Nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza kwa sauti, "Kama yale tunapatia nguruwe?"

"Hayo hayo, mzee. Hii imekaushwa tu iweze kusafiri."

Truphosa alikuwa ameketi kitandani na Nafula mapajani. Hakunilaumu, na hata sasa hajanilaumu. Angenitukana ningepata nafuu, ila yeye alichovya kijiko kwenye kikombe akaendelea kumdondoshea mtoto, tone moja moja, naye mtoto anatema. Nilitoka nje. Kwenye benchi ile ndipo nilipokuandikia uongo wa vifaranga, kwa sababu nilikuwa na kalamu mfukoni na sikujua la kufanya na mikono.

Siku nne za kwanza hatukujua kama atapona. Walimpitishia maziwa kwa mpira puani. Maji yalipoanza kutoka mwilini ndipo nilipomwona alivyo, mbavu na magoti, mtoto uliyeniachia akiwa mzito. Siku ya kumi na mbili Obura alifanya mchezo wa kujificha nyuma ya shuka, na Nafula akacheka. Kidogo tu, kama mtu anayekumbuka. Obura aliita wauguzi waje waone, akasema daktari huandika kicheko kwenye karatasi kama anavyoandika homa, kwa kuwa mtoto wa ugonjwa huu akicheka amevuka. Nililia mbele za watu, na tai yangu.

Alikaa wiki tano. Sasa anatembea, ameshika nguo ya Truphosa muda wote. Nywele mpya zinaota nyeusi kwenye mizizi, zile nyekundu bado ziko kwenye ncha. Anasema maneno mengi. Mimi nikimkaribia ananyamaza. Nikimpa mkono anaangalia kwanza uso wa Truphosa.

Obura alinisimulia mengi siku zile, maana nilikuwa nakwenda kila Jumapili na alikuwa hachoki kueleza. Amerika wamepata sindano ya kumkinga mtoto na ugonjwa wa kupooza miguu. Kifua kikuu chako mwenyewe, ambacho kilimuua shemeji yangu, ndugu yake Truphosa, miaka sita iliyopita, sasa kinatibika hata kwa watoto wadogo. Alikuwa anafurahi akisimulia, nami nilikuwa nikitikisa kichwa na kuona haya tu. Watu wamevuka bahari na kukesha na vitabu kutafuta dawa ya mtoto, na mimi dawa yenyewe nilikuwa naizungusha kwa mkono wangu kila asubuhi na kuwamwagia nguruwe. Ndoo nne kwa siku.

Siku hizi Truphosa anakuja na kopo. Mimi nakunywa kikombe pale mashineni akina mama wakiona, na baadhi yao wameanza kurudi. Nawaambia daktari wa Nakuru ameagiza. Sijawaambia sababu ya kwenda Nakuru. Wanajua tu mtoto alikuwa na homa.

Sasa, dada, shauri ni lako. Nimemwandikia Mama kule Kimilili na amesema yuko tayari kumpokea Nafula, ng'ombe wake amezaa. Kwetu mjomba ni mtu mzito, neno lake halipingwi ovyo, lakini mimi neno langu nimelipoteza. Ukitaka aende, andika mstari mmoja, nami nitampeleka mwenyewe kwa treni bila kubishana. Ukitaka abaki, mwandikie Truphosa, usiniandikie mimi. Yeye ndiye aliyekuokolea mtoto wako, tena kutoka mikononi mwangu. Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitamlea mwenyewe.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila jioni. Shangazi Nasambu anasema ukipona atakupikia kuku mzima peke yako. Simiyu wetu ameingia darasa la tatu na anakuandikia jina lake hapa pembeni kwa mkono wake, usicheke herufi zake. Nisalimie Wangare wa kitanda cha pili, na wauguzi wanaokutunza.

Ogola naye anakusalimu. Yeye hajui kuandika, kwa hiyo leo baada ya ibada aliniomba nikuambie kwamba anamshukuru Mungu kwa kupona kwa Nafula. Dada, Ogola alimzika mtoto wake wa mwisho mwezi wa tano. Alikuwa umri mmoja na Nafula. Aliugua siku chache, na miguu ilikuwa imevimba. Surua ilikuwa imepita kambini, tukasema ni surua, na huenda ilikuwa surua kweli, hakuna daktari aliyemwona. Mimi ndiye niliyesoma sala kaburini, kwa kuwa nasoma vizuri.

Hajui kwamba yale maziwa mkewe aliyoyaacha kwa mzaha wangu ndiyo dawa. Mkewe pia hajui. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali, na karatasi haina macho. Nawasikia hapa ng'ambo ya ukuta, wanakula. Nikishaandika bahasha nitakwenda kugonga mlango wao.

Mungu akujalie pumzi ndefu, akurudishe nyumbani kwa miguu yako mwenyewe, umkute mwanao amesimama.

Wako akupendaye, hata kama leo upendo huo hauna pa kujificha,

Kaka yako,
Micah Makokha