Gobori Lako Lilikuwa Limekula

Somo yangu Charo,

Jina letu ni moja, na miaka yote ndimi niliyekuwa nikikusomea barua zako, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu na wewe hukwenda shule. Hii nimeiandika mwenyewe. Isikilize.

Gobori lako, bunduki yako ile ya kushindilia, halipo tena hapa Ganda. Kibali kilikuwa kwa jina lako, kwa hiyo chifu alimwagiza mkeo Kadzo lipelekwe kituo cha polisi Malindi. Kadzo akaniita. "Shemeji, lisafishe kwanza. Mwenyewe hakupenda lionekane chafu." Nilikubali upesi. Nilidhani kazi naijua, maana nimekutazama ukiifanya miaka mingi, nimekaa na kahawa yangu, nakucheka.

Nilichokuwa nikicheka unakijua. Kabla hujagusa maji wala kitambaa, uliutumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka chini ya mtutu, ukaliinamia gobori na kuliuliza, "Umekula?" Alama uliyoichonga kwenye mdeki ikilingana na mdomo wa mtutu, unasema lina njaa, tulioshe. Nami nasema, "Somo, bunduki haina tumbo." Nawe, "Mwalimu, soma vitabu vyako, hii niachie mimi."

Basi nililikuta juu ya mafiga. Kadzo alilitundika pale siku tuliyokupeleka hospitali, moshi ulikinge na mchwa, na tangu tukuzike amekuwa akipika chini yake. Mafuta ya nazi uliyolipaka yalikuwa yamegandamana na masizi. Nikajieleza kama niko darasani: joto huyeyusha mafuta, kwa hiyo niupashe mtutu kwenye makaa kidogo, kisha niuoshe. Nilikuwa nimeshachutama. Hapo nikakukumbuka ulivyokuwa ukiinama. Nikaona haya, nikatazama kama Kadzo yupo, kisha nikachukua mdeki, nikauliza.

Alama ilisimama vidole vinne nje ya mtutu.

Somo, lilikuwa limekula. Nililitoa nje mbio, mbali na makaa, na magoti haya unayajua. Ulikuwa umelishindilia baruti uwafukuze nguruwe kwenye mahindi, kwa mlio tu kama ulivyozoea tangu uwindaji upigwe marufuku, ukaugua kabla ya kulipiga. Hukusahau. Ulikosa muda tu.

Mengine niliyafanya kwa mpango wako. Fataki ya kuwashia baruti haikuwapo, hilo ulilishika, huiweki mpaka ufike shambani. Nikamimina maji baridi mtutuni, nikayaacha baruti ilowe kabisa. Nikafunga ile parafujo yako kwenye ncha ya mdeki, nikavuta makumbi ya nazi uliyoshindilia, na baruti ikatoka nyuma yake kama uji mweusi. Ndipo maji ya moto na sabuni, kitambaa juu na chini, kitambaa kingine, kingine tena. Mimi ningeacha kwenye cha tatu. Wewe ulisema mpaka kitoke cheupe, kwani masizi ya baruti hunywa unyevu, na hewa yetu hii ina chumvi. Kilichotoka cheupe kilikuwa cha tisa. Nikazibua kitundu cha fataki kwa mwiba, nikakausha, nikapaka mafuta kidogo tu.

Kadzo nilimwambia. Alilia, kisha akacheka huku analia. "Kumbe alikuwa bado analinda mahindi."

Kituoni nilimpa askari mdeki, nikamwambia aulize mwenyewe. Akacheka. "Mzee, mnaongea na bunduki?" Nikamwambia ndiyo, na hujibu. Akautumbukiza. Alama ikalingana. Hakucheka tena, somo. Aliutoa, akautumbukiza mara ya pili, akaitazama alama yako kwa makini.

Barua hii nitakuja kukusomea kaburini, kwa sauti, kama nilivyokusomea zote. Na nakuahidi: mtu yeyote atakayeniuliza namna ya kusafisha gobori, nitaanza na swali lako, wala sitaona haya kuinama.

Lala sasa, somo. Limeoshwa, na lina njaa.

Somo yako,
Mwalimu Charo