Tata, Shamba Limebaki Kwetu

Tata mpendwa,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivi, lakini sijawahi kuanza kuongea na baba yangu bila shikamoo, na siwezi kuanza leo. Mama hajambo, ila mguu unamsumbua baridi ikiingia. Dada Robi yuko kwake Nyambureti na watoto wake. Mimi bado niko hapa Turwa, shambani kwako. Ninaandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu mdogo wako Marwa naye hakututenda sirini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipukuchua mahindi uani? Ulikuwa unachukua magunzi unayapanga chini, unatuonyesha jinsi makabila ya Israeli yalivyogawiwa nchi. Gunzi refu lilikuwa Yuda. Asheri ulimweka pembeni ya beseni la mama, maana beseni ndilo lilikuwa bahari. Reubeni na Gadi walikaa ng'ambo ya ufagio, na ufagio ndio ulikuwa Yordani. Mama akauliza, "Na Walawi mbona huwapi kitu?" Ukasema Walawi hawakupewa eneo kama wenzao, fungu lao lilikuwa Bwana mwenyewe. Mama akapukuchua kidogo, kisha akasema, "Basi wake zao walikuwa na kazi." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Halafu ukatupa habari ya Selofehadi, yule aliyekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano wakaenda kusimama mbele ya Musa na wazee wote, wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wana haki. Ulitufundisha majina yao yote. Robi alivyosikia kuna aliyeitwa Hogla, alicheka akamwaga uji. Tangu siku hiyo ukawa unamwita Hogla ukitaka akuletee maji ya kunawa.

Nilikuuliza sisi Wakristo hayo yanatuhusu nini, maana hatukai Kanaani. Uliokota udongo ukaniwekea mkononi. Ukasema Mungu alianza na kitu cha kushika, ili akija kutuahidi urithi usioonekana tumwamini. Ukasema waligawana kwa kura ili ndugu asimringie ndugu, kwa sababu kila mmoja alipewa tu. Na kwa Kristo, binti ni mrithi sawa na kijana. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa vizuri kuliko watu wazima wengi niliowaona baadaye.

Shangazi zetu hawakuelewa. Walimwambia mama asikae na nyumba isiyo na mtoto wa kiume, atoe ng'ombe aoe binti wa watu kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, binti huyo amzalie mjukuu wa kushika shamba. Wewe ulikataa. Ulisema, "Warithi ninao, wanakunywa uji pale." Na aliyekuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Baba Mdogo Marwa. Alimwambia mama, "Shemeji, usiturudishe kwenye mambo ya giza. Sisi ni watu wa kanisa." Nilimpenda sana siku hiyo. Nilimkaangia mayai.

Tata, udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka alipoitisha kikao cha ukoo. Alisema mbele ya mama kwamba nyumba hii haina mtu. Aliwaambia wazee, "Robi ameshaolewa. Huyu Ghati ni mgeni tu hapa, ng'ombe wakija ataondoka. Kijana yuko wapi?" Mtu yule yule aliyemzuia mama asitafute kijana! Nikamwambia, "Baba Mdogo, wewe ndiye ulisema hiyo ni giza." Akanitazama kwa upole wa kanisani, akasema, "Mwanangu, usihangaikie udongo. Urithi wa Mkristo uko mbinguni." Wiki hiyo hiyo akaja na watu wa kupima viwanja. Fungu lake mwenyewe la babu alishaliuza lote, sasa akataka na lako.

Mnaniita mpole, na kweli mimi ni mpole. Lakini nilivyoona vigingi vyao kwenye mihogo ya mama, nilitaka mtu huyu aumie. Nilitaka aumie mbele za watu. Niliomba juu ya jambo hilo, Tata, na sikuomba liniondoke.

Alikuwa amechukua nafasi yako ya kufundisha darasa la Jumapili. Nikasubiri afike kwenye kitabu cha Yoshua, kwenye kugawana nchi. Alipofika, alieleza vizuri sana kwamba ile Kanaani ni mfano wa mbinguni. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, tunaomba utusomee habari ya binti za Selofehadi."

"Hilo siyo somo la leo."

Mama Nyangi, yule mjane anayekaa karibu na mlango, akasema, "Soma tu, Mwalimu. Miwani si umevaa?" Watu wakacheka. Akasoma. Alisoma haraka kama mtu anayepita kwa wanaomdai. Alipofika pale Mungu anaposema wana haki, Mama Nyangi akasema, "Hapo rudia, mimi sisikii vizuri." Anasikia mpaka panya wa jirani, Tata. Akarudia. Nikauliza, "Mwalimu, hao walipewa shamba lao wapi? Mbinguni?" Kanisa zima liliangua kicheko, na jasho likamtoka. Watu husema kisasi hakina raha. Mimi nilirudi nyumbani nikala ugali mkubwa.

Habari ikatembea. Shauri lilipofika kwa wazee wa kata, mzee wa ukoo wetu, aliyekuwepo kanisani, akasimama akasema hawezi kumtetea mtu aliyejisomea hukumu kwa mdomo wake. Wakasema shamba ni la mama na sisi binti zako. Wapimaji wakang'oa vigingi vyao. Wanawake wa kanisani wakaja na majembe, tukalima risaga, kila mmoja akimsaidia mwenzake, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Ningeishia hapo ungefurahi. Lakini juzi Baba Mdogo alikuja. Amekonda, anaumwa, na anajua haponi. Alisimama nje ya uzio, hakuingia mpaka mama alipomkaribisha. Hakutaka chai. Aliniambia, "Ghati, mama yangu, mimi sina hata pa kulazwa. Pale nilipouza wamejenga mpaka mlangoni. Naomba ile nafasi kando ya kaka yangu. Ni urefu wa mtu tu."

Unajua kwetu mtu kuzikwa kwenye ardhi ya watu wengine ni nini. Yeye anajua zaidi. Mama aliinamisha kichwa, akaniachia mimi. Nikamwambia, "Baba Mdogo, kaa wewe na Walawi. Fungu lako ni Bwana." Alilia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamsimamishia bodaboda, nikamwambia dereva aende polepole kwa sababu amebeba mgonjwa. Kisha nikarudi na jembe.

Wewe ungempa, Tata. Ungempa kabla hajamaliza kuomba, na ungenisihi nami nimpe. Nimekusikia usiku na mchana ukinisihi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema mrithi ni mimi, na mrithi ndiye anayeamua nani alale wapi. Nimelima kando yako mpaka kwenye mawe ya kaburi, sikuacha hata upana wa jembe. Nimepanda mihogo.

Lala salama, na unisamehe mimi tu.

Binti yako wa mwisho,
Ghati