Simu ya Saa Nne, Uipokee

Emmett,

Uji wa shayiri wa Nettie uko jikoni. Usiongeze sukari.

Nimeisoma barua ya ofisi ya posho ya wasio na kazi. Walipouliza, kwenye fomu yao ya kila wiki, kama ungeweza kufanya kazi, ulijibu hapana, eti ulikuwa unalea mtoto! Ndiyo maana wamezuia malipo: wanamlipa tu aliye tayari kuitwa kazini. ~~Mjinga wewe.~~ Baba mwema wewe.

Nimewapigia asubuhi hii. Dada wa huko akacheka: “Mumeo mkweli kupita kiasi. Lakini ajieleze mwenyewe.” Watakupigia saa nne. Namba ni ngeni, pokea tu. Sema ukweli wote: ungeitwa kazini, mama yangu angekuja kutoka Toledo kumwangalia Nettie, nawe ungekwenda siku hiyohiyo.

Nilitoka nimenuna, nikafika garini, nikarudi kuwafunika blanketi nyote wawili.

Mkeo, mama Nettie