Kisima cha Nyuma ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu Kabula,

Salamu kwanza: mwadila, mayu. Huku Bariadi tu wazima. Bibi yako amemaliza kuvuna choroko, goti lake ni lile lile.

Umeniuliza kwa nini watu wa mtaa wenu mpya huko Dodoma, ambao una nyumba, maduka na ofisi pamoja, wanawasha gari kwenda kununua mkate. Nimeitazama ramani uliyonitumia kwenye simu.

Nilipooa kule Nkoma, tuliishi jirani na wakwe. Kisima kilikuwa karibu, lakini njia ilipita mbele ya mlango wa mama mkwe. Kwa desturi yetu Wasukuma, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Basi nikawa nafunga madumu kwenye baiskeli na kuzunguka kwa barabara kubwa. Watu wakasema naringia baiskeli.

Mvua zilipoanza, mama mkwe alipanda ua wa minyaa kati ya mlango wake na ile njia. Ua ulipokua kunipita kimo, baiskeli nikaiacha ukutani, nikawa naenda kisimani kwa miguu. Yeye alikohoa upande wake, nami nikakohoa upande wangu, tukawa tumesalimiana.

Kwenye ramani yako maduka yapo nyuma ya ukuta, na geti ni moja tu, kule kwenye lami. Kabla hamjawasema wenye magari, toboeni ukuta huo, mlango wa kumtosha mtu na kikapu chake.

Babu yako