Mawe ya Ngome Yako

Zuhura, mke mwenzangu,

Hapa Jeppestown tu wazima. Babu yako, mume wetu, bado anashona, na macho anasema anayo.

Umeniuliza ni adui gani aliyeibomoa ngome ya kilimani huko Uingereza. Kwetu Muheza, nikiwa msichana, kilimani palikuwa na gofu la jumba la Mjerumani wa mkonge. Mama alishusha mawe matatu ya mafiga. Nikaogopa: "Mama, jumba la watu hilo!"

"Wenyewe walishahama. Sisi hatujala."

Majirani nao wakachukua ya misingi ya nyumba zao, hadi gofu likaisha.

Basi shuka, mjukuu wangu, ukazitazame kuta za nyumba za kijijini. Ngome utaikuta huko, watu wanapikia ndani.

Bibi yako