Buna ya Mama Dahabo na Ajali ya Barabara ya Minjila

MAELEZO YA SHAHIDI
Mahali: Garsen. Tarehe: 12 Februari 2025
Jina: Dahabo Godana. Umri: miaka 61, kwa kukadiria. Kazi: kuuza maziwa. Makazi: nje ya Garsen, kando ya barabara ya Minjila.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mjane, Muorma. Nina mtoto mmoja, Hiribae, yuko Nairobi kikazi. Hunipigia simu siku ya Idi.

Namfahamu Buya Nuhu, mtu wa bodaboda, ambaye sasa mmemweka seli. Hunibeba na madumu yangu ya maziwa kwenda sokoni kila asubuhi. Tangu mume wangu afariki, Buya ndiye ninayekunywa naye buna. Buna ni kahawa ya kwetu: buni tunazikaanga kwa samli, tunatia maziwa. Haifai kuinywa peke yako. Mmoja anaomba dua, mwenzake anafungua viganja viwili na kuitikia amina. Nilipobaki peke yangu nilijaribu kujiitikia mwenyewe. Niliona aibu, mbuzi wananitazama.

Buya ni Mpokomo, buna hakuijua. Mwanzoni alinitania eti inanuka kama jikoni kwa mama mkwe. Siku hizi akiikosa ananuna. Kawaida tunakunywa mlangoni kwangu, kisha tunaondoka.

Mnamo tarehe 11 Februari, mwendo wa saa kumi na mbili unusu asubuhi, Buya alifika amechelewa. Alikuwa ametoka kumpeleka mkewe Laila hospitali, ameshikwa na uchungu. Nilimwambia arudi kwa mkewe. Alisema, "Twende Mama, maziwa yataharibika. Buna tutakunywa njiani."

Nilipanda nyuma, nimeshika themosi. Tulipoingia lami nilimimina kikombe nikampitishia begani. Alikunywa akiendesha kwa mkono mmoja, polepole, akanirudishia. Nikaona kikombe cha pili hakiwezi kupita bila dua. Nikasema, "Mungu amfungue Laila salama." Buya akaachia usukani, akafungua viganja vyote viwili, akasema "Amina" kwa sauti, kama vile tumekaa mlangoni kwangu.

Pikipiki ikaingia mtaroni.

Nilivunjika mkono wa kushoto. Maziwa yote yalimwagika. Buya alinivuta kutoka chini ya pikipiki, goti lake linatoka damu, akanifunga mkono kwa shati lake. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alisimama, akasema ameona mtu anaachia usukani kama mlevi. Kuachia aliachia. Kulewa hakulewa. Kilichomlowanisha ni buna iliyomwagika kutoka themosi, na mwenye pua angesikia samli.

Jana jioni Hiribae alipata habari ya ajali, akapiga simu. Alisema, "Mama, sema alikuwa amelewa. Hayo mambo ya kahawa usiyataje, utatuaibisha." Nilifurahi kusikia sauti yake, kisha nikakasirika. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliyemzaa alikuwa Nairobi. Mtaroni nilikuwa na Buya.

Nimesikia Laila amejifungua msichana, na baba yake hajamwona. Hilo linaniuma kuliko mkono. Kama kuachia usukani ni kosa, mshtakini kwa hilo, na muandike kwamba dua niliianza mimi. Msimwite mlevi. Akiitwa mlevi hapa Garsen, nani atapanda pikipiki yake tena? Atakula nini na mtoto?

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Alama ya dole gumba la kulia: Dahabo Godana

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Nelly, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali kuwa ndivyo alivyosema. Mshukiwa ameachiliwa kwa dhamana saa tano asubuhi. Amemshukuru shahidi na kuondoka mbio kwenda hospitali. Shahidi alisema, "Aende, aende." Tulijaribu namba ya mwanawe mara kadhaa, haikupokelewa. Saa nane mchana shahidi alikuwa bado yuko kwenye benchi. Hakuna aliyekuja kumchukua.