Milango ya Safu ya Juu

Jumatatu, 3 Agosti

Mlango wa mwalimu mstaafu umekwama. Wa tatu ndani ya wiki moja! Yote ya safu ya juu, zile nyumba za kilimani, yote nimeitengeneza mimi mmoja mmoja kwa mikono yangu. Nimeulaza chini, nikapitisha randa pembe ya juu upande wa kitasa, nikaurudisha kwenye bawaba. Umefunga vizuri. Akaniuliza sababu. Nikamwambia unyevu. Mvuke wa jikoni, mbao imevimba.

Mvuke wa jikoni! Miezi mitatu haijadondoka hata tone. Kiangazi mbao hunywea, haivimbi, hilo analijua hata aliyeanza kazi jana. Lakini ningesema nini? Kwamba labda niliuziwa mbao mbichi nami nikazipigilia hivyo hivyo? Sikujua. Au nilijua kidogo. Sikumtoza kitu. Nimezoa maranda yangu na kuondoka kama mwizi wa kuku.

Alhamisi, 6 Agosti

Mkutano, ukumbi wa shule. Amekuja afisa wa maafa kutoka halmashauri. Cheo gani hicho! Utadhani kazi yake ni kuyaleta. Binti mpole, sauti ya redioni. Kabandika ramani ukutani, na sisi tuko kijani kitupu. Hatari ndogo, anasema, ila ndogo si sifuri. Hapa kwetu tuogope moto na ukame. Ndiyo maana mwaka jana lilichimbwa lile bwawa la akiba kilimani. Kila nyumba iwe na mfuko: tochi, redio, filimbi, maji, dawa, nakala za vyeti. Na pawe na mahali pa kukimbilia. Tumekubaliana ukumbi huu huu, ng'ambo ya barabara, tambarare.

Kinyozi akauliza kama filimbi inazima moto. Tulicheka sana, afisa naye akacheka.

Dada yangu hakucheka. Alikuwa anaandika kila neno nyuma ya kalenda.

Jumapili, 9 Agosti

Nimekula kwa Dada. Ndiye aliyenilea baada ya mama, na hadi leo akinitazama najiona nina miaka tisa. Anakaa nyumba ya mwisho safu ya juu, yeye na shemeji. Tangu apate kiharusi shemeji ni wa kitandani. Upande wa kulia umelala, ulimi mzito, akili nzima kabisa. Mfuko wa dharura tayari unaning'inia kwenye msumari. Dada kaushona mwenyewe, na zipu!

Shemeji akaniita chumbani. "Shemeji, nani anapasua mbao huko chini?"

Nikamwambia leo Jumapili, nani afanye kazi. Yeye sikio ukutani. Anapasua, akasema. Hata sasa hivi. Dada akanikonyeza, maana yake dawa mpya zinamsumbua.

Mlango wa mbele unakwaruza tena. Nimepitisha randa, mara ya pili kwake. Akaniuliza, nikasema unyevu. Akanitaka niape, nikaapa, mbele ya shemeji. Ulimi hauna mfupa.

Kitu kingine. Nyasi nyuma ya nyumba ni kijani kibichi, wakati kwingine kote ni makapi. Mbuzi wa mwalimu wamenenepa hadi wanatembea kwa shida. Dada anasema ni baraka. Sijui kwa nini sikupenda kuzikanyaga.

Jumatano, 12 Agosti

Kinyozi kanipigia simu, mlango wa nyumba yake, safu ile ile ya juu, haufungi. Nikaenda mbio kwa furaha! Maana mlango wa kinyozi ni wa chuma. Aliniacha akaenda kwa mchomeleaji, akanisema kijiwe kizima kwamba mbao ni mambo ya babu zetu. Nilijiandaa kumcheka njia nzima.

Umekwama kweli. Pembe ya juu, upande wa kitasa. Pembe ile ile.

Chuma hakivimbi.

Nakiri nilichofanya kwanza: nilicheka. Si mbao zangu! Jina langu safi! Kinyozi akanishangaa. Kisha kicheko kikaniishia chenyewe. Nikatoa timazi, uzi wangu wa kupimia wima, nikaining'iniza kwenye mwimo wa mlango. Juu uzi unagusa, chini umeachana vidole viwili. Nikaenda kwa mwalimu, vidole viwili. Kwa Dada, vidole viwili na nusu. Nyumba zote sita zimeinama, na zote upande mmoja, kuelekea barabarani, kama watu waliopanga mstari wakichungulia kitu.

Nimekaa karakanani bila kuwasha mashine. Kila mlango uliokuwa unasema kitu, mimi niliukata ulimi. Tena kwa ustadi.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimempigia afisa. Kapokea vizuri, kasikiliza hadi mwisho. Lakini nyie mko kijani, akasema, kwa upole, kama anayenikumbusha jina langu. Fomu yake ina moto, ukame, mafuriko, upepo. Milango haipo. Tukabishana kidogo. Mwishowe kaniandika kwenye upepo! Mtaalamu atakuja mwezi ujao. Kwa sasa hakuna amri ya kuhamisha mtu, kila kaya iamue yenyewe.

Nikapanda mwenyewe nyuma ya nyumba hadi bwawani. Maji yameshuka mno, na alama yake imebaki ukutani kote. Yamekwenda wapi? Hatuyatumii, yamefungiwa kwa kufuli. Hatua kama thelathini chini ya bwawa nikaona ufa kwenye nyasi. Mwembamba, umenyooka kama uliopigwa rula. Nikaingiza futi yangu ya chuma. Ikaingia. Nikaendelea kuivuta na kuisukuma, mita moja, mbili, tatu. Ilipoisha haikuwa imegusa chochote. Hewa iliyotoka mle ilikuwa baridi, saa saba mchana.

Nilipogeuka ndipo nikagundua kimya. Mbuzi hawakuwapo. Wote wako chini, wamelala katikati ya barabara juani, na mwalimu anawachapa warudi kwenye majani. Hawataki.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimewaita watu wa safu ya juu, nikasema yote. Kwamba nilidanganya. Kwamba si unyevu, haujawahi kuwa unyevu, nilikuwa nalinda jina langu. Kwamba kilima kinatembea. Watoke.

Mwalimu akauliza, taratibu, kwa sauti yake ya darasani: ulikuwa unatudanganya wakati ule, au unatudanganya sasa?

Mtu akisha kuwa mwongo, ukweli wake nao unanuka. Kinyozi peke yake ndiye aliyenyanyuka, kwa sababu ya chuma chake. Jioni kaondoka na familia yake, na nyumba moja ya katikati ikamfuata. Wengine wanasubiri mtaalamu.

Dada ndiye aliyeniumiza. "Wewe mwenyewe umeapa mbele ya mume wangu," akasema. "Leo unakuja na lingine. Nishike lipi?" Nyumba hii kaijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, hana kwingine. Na mfuko anao, akanionyesha. Mfuko! Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele Dada. Nimelia njia nzima, mtu mzima na mvi zangu.

Jumatatu, 17 Agosti

Mwalimu kahamia kwa mwanawe. Hakusema sababu, kapita na mbuzi tu. Nyumba tatu zimebaki.

Nimerudi kwa Dada mchana, kwa kisingizio cha kumnyoa shemeji ndevu. Nikiwa namnyoa akanishika mkono kwa mkono wake mzima, akanivuta kichwa mpaka ukutani. Nikaweka sikio.

Nimeshika msumeno miaka ishirini na sita. Ipo sauti ya mbao inayokatwa. Ipo pia ya mbao inayovutwa pande mbili hadi inachanika yenyewe, polepole, uzi kwa uzi. Ni hiyo ya pili. Mizizi. Inatoka chini ya kitanda, inapanda ukutani, inanyamaza, inaanza tena karibu zaidi. Povu lilikuwa limenikaukia mkononi, sikujua saa ngapi.

"Umesikia," shemeji akasema. Hakuwa anauliza.

Kisha akamwita Dada. Akamwambia: mke wangu, mimi nataka kutoka. Mwaka mzima hajaomba kitu kingine ila maji. Dada akakaa kitandani, akamtazama sana. Kesho asubuhi, akasema. Alhamdulillahi, kesho asubuhi!

Jumanne, 18 Agosti

Naandika ukumbini, saa nne na robo, nimekaa sakafuni.

Tulipanda saa mbili: mimi, kinyozi, mchomeleaji na mwalimu. Machela hakuna. Kumkunja shemeji kwenye kiti haiwezekani. Ndipo akili ikanijia, nami nikajisifu: nikang'oa mlango wa mbele wa Dada. Haukutaka hata kufunguka, niliuchokonoa kwa patasi. Tukamlaza juu yake, tukambeba wanne, pole pole, bila hata kumtikisa. Ukuta wa jikoni una mwanya ninaopitisha mkono. Jana haukuwapo.

Dada alikuwa nyuma yetu na mfuko wake. Nilidhani yuko nyuma yetu.

Tulipofika barabarani nikageuka. Yuko juu bado. Kaweka kiti pale palipokuwa na mlango, kakaa, mfuko mapajani. Nikampigia simu. Akapokea kwa utulivu kabisa. "Niiache nyumba wazi hivi, kila mpita njia aingie? Lete mlango. Nikifunga, nakuja."

Nikamwambia Dada, njoo, nakusihi. Akasema hakuna ubishi, mdogo wangu, ulitoa wewe, rudisha wewe. Akakata.

Kinyozi kapanda kumbembeleza, karudi peke yake, jasho linamtiririka. Anasema sakafu imepasuka toka kizingitini mpaka chumbani, na Dada ameusogeza mguu wa kiti pembeni ya ufa, basi. Mwalimu anampigia afisa, simu inaita tu. Mchomeleaji kakimbilia nyumba mbili zilizobaki. Kinyozi kaenda kutafuta kamba ya kunifunga mlango mgongoni, maana kilima kile siwezi kukipanda peke yangu mlango ukiwa mikononi. Nikimsubiri naandika. Nikikaa bure nitapiga mayowe.

Shemeji tumemlaza kwenye mkeka. Kajigeuza mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, kaweka shavu sakafuni. Nimemuuliza, bado wanapasua?

Midomo inahangaika.

"Wamemaliza," amesema.

Kamba imefika. Wote wananiambia niache mlango, nikamvute kwa nguvu. Hawamjui Dada. Naona kiti chake kutoka hapa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Napanda na mlango —